Kiporo hiki kimelala saa ngapi?

Ndugu msikilizaji, wapenzi wa soka watanisamehe, maana leo nawaibia neno lao. Utawasikia wakisema timu fulani "ina viporo viwili", maana yake ina mechi mbili za ligi ambazo wenzake wamekwisha kuzicheza na yenyewe bado, pengine kwa sababu ilikuwa safarini katika mashindano ya Afrika. Kiporo cha namna hiyo hakina haraka. Kinaweza kukaa wiki tatu, kikachezwa Jumatano jioni, na pointi zake zikawa tatu zile zile. Lakini neno hilo wenzetu walilichukua jikoni, na huko jikoni mambo ni mengine kabisa. Kiporo cha sufuriani hubadilika kila saa inayopita, na mara nyingi hakitoi taarifa kwa mtu yeyote.

Nazungumza haya kutokana na ubishi mmoja nilioushuhudia Newala. Kwa wasiopajua, Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, mahali ambapo ukisimama kwenye ukingo uitwao Shimo la Mungu unaliona bonde la Mto Ruvuma limelala chini yako, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Ni mji wa korosho, wa mbaazi, wa muhogo, na wa watu wakarimu. Ila una shida moja ya tangu enzi: maji. Udongo wa uwanda ule ni wa kichanga, mvua ikinyesha maji huzama moja kwa moja, na chemchemi ziko chini mabondeni. Kwa vizazi vingi kina mama waliteremka makorongo alfajiri na kuyapanda tena wakiwa na mitungi kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950 wakati wa mkoloni, ndio ulioleta mashine za kuyasukuma maji kutoka mabondeni hadi juu. Hata hivyo mazoea ya kuweka akiba ya maji nyumbani hayajafa, maana mtu wa Newala haamini bomba kirahisi.

Msikilizaji asinishangae kuanza na maji wakati mada ni chakula. Palipo na uhaba wa maji, mikono hunawishwa kwa kipimo, vyombo husuuzwa kwa kipimo, na magonjwa huingilia hapo hapo. Uwanda huo huo wa Makonde ndiko ulikotokea mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 uliowafanya madaktari wauandike kwa mara ya kwanza ugonjwa wa chikungunya, na jina lenyewe ni la Kimakonde, la kumwelezea mtu aliyejikunja kwa maumivu ya viungo. Mbu waliozaliana kwenye vyombo vya akiba ya maji majumbani walihusishwa na ugonjwa huo. Kwa hiyo mambo ya mtungi na sufuria, ambayo baadhi yetu tunayadharau kuwa ni ya kina mama, yamekwisha kuipa dunia nzima jina la ugonjwa.

Sasa nirudi kwenye ubishi. Nilikuwa mgeni katika nyumba moja nje kidogo ya mji. Jioni tulikula wali kwa mbaazi za nazi, chakula ambacho ukikipata Newala hutasahau upesi. Zikabaki mbaazi nusu sufuria, na wali wa kutosha sahani tatu. Vikafunikwa, vikawekwa kwenye kona ya jiko, watu wakaenda kulala. Friji halikuwapo, kama lisivyokuwapo katika nyumba nyingi za huko na nyingi za huku kwetu pia. Asubuhi, saa 12, watoto watatu wamekaa kwenye mkeka wakingoja, wawili kati yao wakiwa na sare za shule, nikawasikia mama mkwe na mkamwana wake jikoni.

"Mama, mbaazi hizi nazitilia shaka," alisema mkamwana.

"Zina nini?"

"Hazina kitu. Lakini zimelala, tena na tui, na jana palikuwa na joto."

Bibi alichukua mwiko, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. "Mwanangu, hizi ni nzima kabisa. Zipashe moto. Mumeo amekulia viporo, na mimi nimekulia viporo. Watoto waende shule na njaa?"

"Huyu mdogo juzi tu ametoka kuharisha, mama."

"Basi mdogo mkorogee uji. Hao wakubwa wale."

Mkamwana akanigeukia. "Shemeji, wewe mtu wa redio. Tule au tusile?"

Nilimwambia kuwa diploma yangu ni ya uandishi wa habari, haikunifunza kupima mbaazi. Lakini nilisema, na nasema tena leo, kwamba ningekuwa mimi watoto wote watatu wangekunywa uji. Ndivyo ilivyokuwa. Bibi hakupenda. Alizipasha zile mbaazi, akazila mwenyewe na wali wake, mbele yangu, taratibu, kana kwamba anatoa ushahidi mahakamani. Na hakuugua. Mchana alikuwa shambani, na jioni akanitania mbele ya wageni kwamba watu wa Dar es Salaam tunaogopa hata mbaazi.

Nasimulia jambo hili lilivyokuwa kwa sababu ndilo linalotufanya tusielewane na maofisa wa afya. Kiporo mara nyingi hakimdhuru mtu. Mtu anakula leo, kesho, mwaka mzima, na hapati chochote. Siku anayopata tumbo la kukata, atalaumu maji, au embe bichi, au jirani. Bibi yule ana ushahidi wa miaka 60 na zaidi, na mimi sikuwa na ushahidi wowote wa kumwekea mezani ila maelezo. Lakini ushahidi wa bibi una kasoro moja: haukumhesabu mtoto mchanga ambaye hawezi kusema tumbo lilianza kumuuma saa ngapi na baada ya kula nini.

Tuviangalie vipimo vyake. Alitumia pua na ulimi. Lugha yetu yenyewe imejengwa juu ya vipimo hivyo. Tunasema chakula kimechacha, kimevunda, kimeoza, kimefanya ukungu, kimevuta utando. Maneno yote hayo yanaeleza kitu unachokiona, unachokinusa au unachokionja. Hatuna neno la chakula kilichoingia sumu lakini kinanukia vizuri, kwa sababu wazee wetu, pamoja na hekima yao yote, hawakuwa na njia ya kukiona chakula cha namna hiyo.

Na kipo. Vijidudu vinavyokipa chakula harufu mbaya na ladha kali si lazima viwe ndivyo vinavyomlaza mtu hospitali. Vya kwanza vina kelele. Vya pili vinaweza kufanya kazi yao kimya. Nitatoa mfano wa wali, maana ndio tunaoupenda sana mijini. Kuna kijidudu kiitwacho Bacillus cereus, kinachoishi udongoni na huja na mchele tangu shambani. Unapopika, kijidudu chenyewe kinakufa, lakini mbegu zake ngumu zinavumilia moto wa kuchemsha. Wali ukipoa polepole ndani ya sufuria, zile mbegu zinaamka, zinakua, na katika kukua zinaweza kutengeneza sumu inayomtapisha mtu ndani ya saa chache. Mapema miaka ya 1970 madaktari wa Uingereza walikutana na watu wengi waliotapika baada ya kula wali wa kukaanga katika mikahawa ya Kichina. Wapishi walikuwa wakichemsha wali mwingi, wakiuacha nje ya friji ili usigandamane, kisha kuukaanga mteja akiagiza. Ule wali haukunuka. Laiti ungenuka, nani angelipa fedha zake kuula?

Mfano mwingine ni wa kusikitisha. Mwaka 2008, mjini Brussels, Ubelgiji, kijana mwanafunzi wa miaka 20 alipasha tambi zilizokuwa zimekaa jikoni siku 5 bila friji, akazila. Asubuhi ya pili alikutwa amekufa kitandani. Wataalamu waliochunguza mabaki ya tambi zile walikikuta kijidudu hicho hicho nilichokitaja, na wakaieleza habari hiyo katika jarida la kitaalamu mwaka 2011. Siku 5 ni nyingi, na vifo vya namna ile ni nadra sana. Sitaki mtu aache kula tambi kwa sababu yangu. Nautaja mkasa ule kwa sababu ya lile neno "alipasha". Alifanya kile kile ambacho bibi wa Newala alikifanya, na ambacho sote tumefundishwa kuwa ni dawa.

Naam, hapo ndipo penye fundo. Moto unaua vijidudu vilivyo hai, hilo ni kweli, na chakula kinachochemka mpaka katikati ni bora mara kumi kuliko kilichopashwa kikawa vuguvugu. Lakini ikiwa sumu imekwisha kutengenezwa usiku, moto wa asubuhi hauiondoi. Sumu ya kutapisha ya kijidudu hicho imewahi kuwekwa kwenye joto la nyuzi 121, lile la mashine za kuchemshia vyombo vya hospitali, kwa saa nzima na nusu, na haikuvunjika. Sufuria lako la mkaa haliwezi kufika huko. Unakuwa umewaua wezi baada ya mali kuondoka.

Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya kiporo ni kimelala saa ngapi, na katika hali gani. Wataalamu wanasema vijidudu vya namna hii hustawi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, na usiku wetu wote, iwe Newala kwenye baridi ya Julai au Dar es Salaam kwenye jasho la Februari, uko ndani ya mipaka hiyo. Baadhi yake, vikipata joto la kuvifaa, kimoja huwa viwili kila dakika 20. Chukua kalamu. Kimoja kikianza saa 2 usiku, saa 3 vimekuwa 8, saa 4 vimekuwa 64. Endelea hivyo mpaka saa 9 usiku, ukiwa bado unakoroma, na utavikuta zaidi ya milioni 2. Hakuna anayeanza na kimoja, msikilizaji.

Nimetaja wali, lakini sufuria kubwa la nyama lina mgeni wake. Yuko kijidudu kingine, nacho mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, kinachopenda katikati ya pilau na mchuzi mzito, mahali pasipofika hewa, ambapo joto linashuka polepole. Kikiwa kwenye vuguvugu lake kinaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 10 hivi. Ndiyo sababu ya zile harusi ambazo kesho yake ukoo mzima unapishana kwenye choo kimoja. Huko uwandani katika shughuli za jando na unyago, na huku kwetu katika hitima na harusi, tunapika kwa masufuria ambayo mtoto anaweza kuogea ndani yake. Chakula kiliivywa vizuri, hapana ubishi. Kilichokosewa ni kukiacha kwenye sufuria lile lile mpaka asubuhi, maana sufuria kubwa lililofunikwa huchukua usiku mzima kupoa.

Kisha kuna mikono. Kiswahili kinatofautisha kiporo na makombo, na tofauti hiyo ni ya maana kuliko tunavyofikiri. Kiporo ni kile kilichobaki kwenye sufuria bila kuguswa. Makombo ni yale yaliyobaki kwenye sinia baada ya watu kula. Sisi tunakula kwa mkono, tena tukilizunguka sinia moja, na sioni aibu kwa hilo. Lakini kwenye ngozi na pua za watu wengi wenye afya nzuri kabisa anaishi kijidudu mwingine, na akiingia kwenye chakula chenye unyevu kikakaa saa nyingi, hutengeneza sumu ambayo nayo haivunjiki kwa kupasha kwa kawaida. Bibi zetu walikuwa na desturi ya kutenga: chakula cha baba aliyechelewa, chakula cha mgeni, kilipakuliwa kwanza kikafunikwa kabla mikono haijaingia. Tuliichukulia kuwa ni heshima tu kwa wakubwa. Ilikuwa na faida nyingine. Makombo yaliyokwisha kuguswa wape kuku, usiyarudishe sufuriani yakaungane na yaliyo safi.

Swali jingine ni la uchachu. Wapo wasemao chakula kikali hakidhuru, na katika hilo wana kipande cha ukweli. Mwaka 1986 kipindupindu kilipoikumba Guinea, kule Afrika Magharibi, watafiti waliuliza watu wa mji wa Conakry walikuwa wamekula nini. Mchuzi wa karanga uliolala ulionekana kuhusika na ugonjwa, ule wa nyanya haukuonekana hivyo, na walipojaribu maabara waliona kijidudu cha kipindupindu kinastawi ndani ya mchuzi wa karanga na kushindwa ndani ya ule wa nyanya, kwa sababu nyanya zina ukali. Mnaopika mboga kwa karanga na tui, hiyo ni habari yenu. Hapa kwetu pia, Bwana Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe, pamoja na mwenzake Ulf Svanberg wa Sweden, walichapisha mwaka 1994 utafiti uliofanyika nchini uliokuta kwamba watoto wadogo waliokula uji uliochachushwa waliugua kuhara mara chache kuliko wenzao. Kwa maneno mengine, togwa ya bibi ilikuwa na akili.

Lakini togwa inachachushwa kwa makusudi, kwa kimea, na mtu anayeijua kazi yake. Mbaazi zilizochacha zenyewe usiku si togwa. Na hata kuchachusha kwa makusudi kukianza na unga mbovu ni hatari: mwezi wa Januari 2015, huko Chitima katika jimbo la Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji kwenye msiba. Uchunguzi ulionyesha kuwa unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibika na kuingiwa na kijidudu chenye sumu kali. Waliokunywa hawakuwa wajinga. Walikunywa kinywaji walichokizoea, mahali walipopazoea.

Sasa wewe msikilizaji wa mjini usikae ukadhani nawasema watu wa Newala. Mjini tuna hotipoti. Chombo hiki kizuri, chenye maua ubavuni, tunakipeana kwenye harusi na kukipanga kabatini kwa fahari. Kimetengenezwa ili chakula kibaki cha moto kwa saa chache mpaka watu wafike mezani. Sisi tunaweka wali saa 1 usiku na kuufungua saa 12 asubuhi, tukifurahi kuwa bado una joto kidogo. Hilo joto kidogo ndilo vijidudu wanaloliomba! Ningekuwa na uchaguzi kati ya wali uliolala kwenye sinia wazi lililofunikwa kawa, na wali uliolala vuguvugu ndani ya hotipoti, ningeuogopa zaidi wa hotipoti.

Usitegemee pia kwamba kuna mkaguzi. Usimamizi wa usalama wa chakula ulikuwa kwa TFDA tangu 2003, na mwaka 2019 ukahamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Wanakagua viwanda na bidhaa. Hapana ofisa atakayebisha hodi kwako saa 12 asubuhi kuangalia mbaazi.

Kanuni ya Shirika la Afya Duniani inasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Nimeisoma mara nyingi katika vipindi vya afya, na kila nikiisoma nawafikiria watu wanaonisikiliza. Ukiifuata barabara, kila kiporo cha nyumba isiyo na friji ni cha kumwaga. Nazi imenunuliwa, mkaa umenunuliwa, mbaazi zimelimwa kwa jembe la mkono, na mama anaambiwa amwage huku watoto wakitazama. Ndiyo maana kanuni hiyo inabaki ukutani kwenye zahanati. Mimi siibishi, ni kanuni sahihi. Ila nasema haitafuatwa asubuhi. Inaweza kufuatwa jioni tu, kabla ya chakula kuwa kiporo.

Ninavyoona mimi, kiporo salama kuliko vyote ni kile ambacho hakijapikwa. Kibaba cha mchele kilichobaki kwenye gunia hakilali. Unga wa uji uliotengwa jioni, na maji yake yakawekwa tayari, unaiva asubuhi kwa dakika chache na kwa mkaa usiozidi sana ule wa kupashia sufuria la mbaazi mpaka lichemke kweli. Mama anayewajua watu wake anajua kipimo chao. Tunapika zaidi kwa sababu ya mgeni anayeweza kuingia, na hiyo ni desturi nzuri, lakini mgeni wa saa 3 usiku anaweza kukaangiwa yai.

Na ikibaki, kwa kuwa itabaki tu siku nyingine? Itoe kwenye sufuria upesi, itandaze kwenye sinia pana ipoe, au keti sufuria ndani ya beseni la maji, ambayo baadaye yataoshea vyombo hivyo hivyo, watu wa uwandani msinipige mawe. Funika inzi wasiingie. Asubuhi ichemshe mpaka katikati itokote, mara moja tu, na ile mapema. Usiseme nitamalizia mchana. Haya yanapunguza hatari, hayaiondoi. Kwa sababu hiyo chakula hicho ale mtu mzima mwenye afya yake, aliyejiamulia. Mtoto wa chini ya miaka 5, mama mjamzito, mzee, na mgonjwa wasipewe. Bibi wa Newala, kwa umri wake, hakuwa na haki ya kuzila zile mbaazi kwa niaba ya wajukuu, ila nani angemwambia?

Chapati, mkate, maandazi, korosho na karanga za kukaanga havimo katika ugomvi huu, kwa sababu ni vikavu. Wengi wameniuliza kuhusu ugali, wa sembe na wa muhogo. Unaonekana mkavu kwa nje, lakini uvunje uone: ndani una maji. Siuweki pamoja na mbaazi za nazi, lakini pamoja na chapati siuweki pia.

Ikitokea mtoto ametapika au anaharisha, usianze kutafuta nani alipika. Mpe maji ya dawa ya ORS, kidogo kidogo na mara kwa mara, aendelee kunyonya kama ananyonya, na akilegea, macho yakididimia, au akishindwa kunywa, mkimbize kituo cha afya. Kinachoua watoto katika kuharisha ni kukaukiwa maji, na hiyo haingoji kesho.

Nina barua mbili za kujibu kabla muda haujaniishia. Msikilizaji wa Masasi anauliza kuhusu mwezi wa Ramadhani, kwamba futari inapikwa saa 11 jioni na daku inaliwa saa 10 alfajiri, je, kilichobaki kwenye futari kinafaa? Hizo ni saa 11, ndugu yangu, sawa na kiporo chochote, na mtu atakayeharisha akiwa na saumu atakaukiwa upesi zaidi. Daku ipikwe kwa ajili yake, au iwe ya vitu vikavu, tende na mkate na chai.

Wa pili yuko Tabata, ana friji, na anasema umeme ulikatika usiku akakuta nyama iliyopikwa imelegea asubuhi. Friji lililofungwa bila kufunguliwa huhifadhi ubaridi kwa muda wa saa 4 hivi. Umeme ukikatika saa 5 usiku na kurudi saa 12 asubuhi, nyama yako imelala nje, hata kama ilikuwa ndani ya friji. Usiku ukikatika, usilifungue friji kuangalia kama chakula bado ni kizima. Andika saa kwenye karatasi, ubandike mlangoni, kisha ulale.